Mheshimiwa Anapenda Foleni

4 Machi

Mume wangu,

Natumaini hujambo huko kwenye mradi wa bwawa na kwamba wanakulisha vizuri. Mimi mkeo wa kwanza sijambo, ila nimeshtakiwa, na hakimu ni wewe. Kaa chini usome taratibu.

Unajua kwamba baada ya kufunga duka langu la mapazia nilinunua gari. Usichojua, kwa sababu huko kwenu simu ni pambo tu, ni gari la namna gani. Si jipu, si saluni. Ni saluni iliyovaa viatu virefu. Jeupe, viti vya ngozi rangi ya maziwa, paa linafunguka ukitaka kuona mawingu. Halijatoka kiwandani jana. Lilikuwa la mkurugenzi mmoja aliyelitunza kama yai. Kwenye gari dogo nilikuwa nashuka kama naingia kisimani, kwenye jipu napanda kama naiba maembe. Hili nafungua mlango, nakaa. Kiuno hakina habari. Kuna na kitufe, ukikibonyeza kiti kinakukanda mgongo. Daktari alinikataza kuinamia cherehani, hakunikataza kukandwa. Nimelipa jina la Mheshimiwa, kwa sababu kila linapopita watu wanasogea.

Mjomba wako, mwanangu wa kumzaa, hataki kuliona. Anasema gari la kifahari kwa ajuza asiye na kazi ni kuchoma noti kwa kiberiti. Unamjua mjomba wako, mkono wa birika tangu utotoni. Anahesabu kwa vidole: petroli ya daraja la juu, bima kubwa, sevisi kwa fundi maalumu, tairi moja bei ya kitanda. Jumapili alikuja na mama yako wakakaa sebuleni kwangu kama watu waliofiwa. Anataka gari liuzwe, pesa zikamalizie chumba anachonijengea uani kwake, nihamie humo, na nyumba yangu ipangishwe. Kuta zimeshapita juu ya dirisha. Nimekwenda kukiona. Kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani.

Mama yako, kaka yake akiongea, hukunja leso tu. Basi mimi nikasema: ukoo huu una mtu mmoja tu wa mafuta, naye ni mume wangu, mtunza stoo ya mafuta huko bwawani. Akisema gari linakula kupita kiasi, nauza na kuhamia bila neno. Akisema halili, mtu asilitaje tena mbele yangu. Mjomba wako alikubali upesi sana. Tukapeana mikono.

Sasa ushahidi. Mbele ya usukani kuna skrini inayoonyesha wastani wa mafuta. Inasema 8.3. Chini ya namba kuna vijiherufi, lakini miwani ya kusomea huwa naisahau ndani. Safari zangu unazijua: sokoni, zahanati, kwa jirani, basi. Niambie hiyo 8.3 ni ya mtu mwenye adabu au ni ya mlevi.

Usijali hiyo alama ya buluu pembeni ya karatasi. Meza yangu chafu.

Mkeo wa kwanza,
Bibi

15 Machi

Mke wangu,

Barua yako ilifika na lori la vyakula, ikinuka vitunguu. Nimeisomea juu ya pipa la dizeli, ambalo ndilo ofisi yangu. Uhakimu nimeukubali, lakini sitakupendelea kwa sababu ya ndoa. Hapa stoo hakuna jenereta, katapila wala lori linalopata tone bila sahihi yangu. Mafuta nayajua mpaka harufu.

Nianze na habari mbaya. Hiyo 8.3 ni ndogo. Maana yake kila lita moja inakusogeza kilomita nane na kidogo, kisha imekwisha. Injini ya lita mbili yenye turbo, katika gari la hadhi hiyo, haitakiwi kutuaibisha namna hii. Hizo ni tabia za lori la kokoto. Mjomba akiiona namba hiyo atakuja na funguo za chumba mkononi.

Habari nzuri ni kwamba gharama nyingine tunaweza kuzibana. Petroli ya daraja la juu usiibadilishe, mjomba asikudanganye. Ukitia ya kawaida kwenye injini ile utaokoa sarafu na kulipa noti. Sevisi usiruke. Bima, waambie dereva ni mmoja, hana ajali, wakupunguzie. Upepo wa matairi upimwe mara kwa mara, maana tairi laini linaongeza ulaji.

Hukumu yangu ni hii. Mpaka mwisho wa Aprili, skrini isome angalau 12, yaani kilomita kumi na mbili kwa lita. Ikifika hapo, Mheshimiwa anabaki na mjomba nitamwandikia mwenyewe. Isipofika, mke wangu, itabidi uuze. Inaniuma kuandika hivyo, kwa kuwa najua usivyopenda kuishi kwa watu, hata kama mtu huyo umemzaa. Lakini ulisema mwenyewe mbele yao, na mimi sina njia ya kukupitisha mlango wa nyuma.

Ushauri wa kitaalamu: ondoka taratibu, usikanyage mafuta kama unaua mende. Ukiona gari za mbele zinasimama, acha gari litambae lenyewe. Kiyoyozi kizime asubuhi. Toa mizigo yote kwenye buti.

Mumeo,
Bwana Mafuta

27 Machi

Mume wangu,

Nimegundua kwamba nimeolewa na mtu wa dizeli, petroli huijui.

Nilifuata ushauri wako neno kwa neno. Niliendesha kama nimebeba mtungi kichwani. Kiyoyozi nilizima, jasho likanilowesha mpaka mkanda wa kiti. Buti likabaki tupu. Namba ikashuka mpaka 7.9. Nikakaa garini nikaitazama, na nakwambia ukweli, machozi yalinilenga. Niliona lile dirisha linalotazama ukuta.

Kisha siku moja nikanaswa kwenye foleni ya sokoni, saa ambayo kila mtu anatoka kazini. Mbele lori, nyuma lori. Nikasema potelea mbali, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho, nikawasha na kiti kinikande. Kutupa jicho kwenye skrini, 8.2. Gari moja likasogea, nikasogea. 8.4. Nilipotoka pale namba ilikuwa imepanda kuliko siku yoyote ya gari hili.

Tangu hapo nimelielewa. Mheshimiwa anapenda foleni. Hataki kukimbia kama vigari vya wahuni, anataka kusimama, atazamwe, apoe kwa kiyoyozi. Sasa kila jioni namvalisha miwani ya jua, yaani najivalisha mimi, tunakwenda kukaa foleni. Na kwa kuwa ulisema mizigo itolewe na wewe ni mtu wa kusikilizwa kinyume, nimewaomba vijana wanipakilie kwenye buti cherehani yangu ya zamani, ile ya chuma. Taa ya kijani ikiwaka, naua mende.

Leo inasoma 10.6. Mwambie mjomba wako aendelee kupaka plasta.

Mkeo mshindi,
Bibi

8 Aprili

Mke wangu,

Nimevua kofia. Niliposoma mambo ya foleni nilidhani unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini namba ni namba. Nimelifikiria usiku kucha nikapata maelezo yake. Injini ya turbo inataka joto. Katika mwendo wa kinyonge haichemki, kwa hiyo inachoma ovyo. Kwenye foleni inachemka, inaanza kuchoma kwa akili. Nimewaeleza wenzangu wa karakana. Walirudi kwenye kazi zao, nadhani hawakuwa wamewahi kulisikia.

Endelea hivyo hivyo. Umebakiza hatua moja na nusu.

Mumeo,
Bwana Mafuta

20 Aprili

Mume wangu,

12.4.

Sina maneno mengine, ila nitayaandika kwa sababu karatasi nimeshainunua. Nilitimiza juzi, kwenye mzunguko wa barabara ya stendi, ambako magari hayakuwa yanasogea kabisa. Nilikaa pale mpaka redio ikarudia taarifa ya habari. Watu walipiga honi, mimi nikawapungia mkono.

Andika hukumu, uitie sahihi kubwa. Nataka mjomba wako aisome akiwa amesimama.

Jambo dogo tu. Pochi inalalamika. Mheshimiwa siku hizi anapita kituo cha mafuta mara nyingi kuliko zamani, nadhani wamepandisha bei kimyakimya. Tena kuna watu nimewakalisha wakinisubiri kwa ajili ya shughuli hii ya foleni, itabidi nikawaangukie. Lakini hayo ni yangu.

Mkeo,
Bibi

22 Aprili

Kwa Mpwa,

YAHUSU: GARI LA MAMA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia kama mjomba wako na kama mtu aliyepeana mkono na mama mbele ya dada yangu, kwamba uamuzi wako utaheshimiwa.

Kwanza, mama ameniarifu kwamba gari limefikia kilomita kumi na mbili kwa lita na zaidi. Ninafurahi kama ni kweli. Lakini mhudumu wa kituo cha mafuta ni mtu ninayefahamiana naye, na anasema mama anajaza tangi mara mbili ya alivyokuwa akijaza mwezi uliopita. Hesabu hizi mbili hazikai chungu kimoja.

Pili, na hili linanisumbua zaidi, watu watatu tofauti wamemwona mama akiwa amekaa katika foleni, vioo vimefungwa, miwani ya jua usoni, akitabasamu. Mmoja alimuuliza anakwenda wapi. Akajibu, haendi popote.

Mpwa wangu, mimi si mtu mbaya. Baba yetu alianza hivyo hivyo, kwa kuzunguka bila safari. Nimemwambia fundi aharakishe chumba. Naomba uamuzi wako uje mapema, na uwe wa kweli.

Ni mimi,
Mjomba wako

3 Mei

Mke wangu,

Kaa kwenye kile kiti kinachokanda ndipo uisome hii.

Wiki hii mradi umeletewa pikapu mpya. Mhandisi wetu aliirudisha stoo jioni amekunja uso, akasema inakula mno, skrini inasoma kumi na nne. Mimi nikampa mkono wa pongezi. Nilimwambia kumi na nne ni namba ya kujivunia, nikamsimulia na habari za mke wangu na foleni. Kisha akanishika bega akanirudisha kwenye pikapu, akaniwekea kidole chini ya namba, pale kwenye vijiherufi. Lita kwa kilomita mia.

Bibi, skrini haielezi lita moja inakwenda kilomita ngapi. Inaeleza kilomita mia zinakula lita ngapi. Namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Tangu Machi umekuwa ukifanya kazi usiku na mchana kulifanya gari la watu liwe mlevi, na mimi hakimu nilikuwa nakupigia makofi. Karakana nzima sasa wananiita Injini ya Joto. Mhandisi alicheka mpaka akakalia tope.

Baada ya aibu kupungua nilipiga hesabu upya, na hapa ndipo cheko liliponikauka. 12.4 yako ni kama kilomita nane kwa lita. Umeshindwa. Lakini 8.3, ile ya barua ya kwanza, ni kilomita kumi na mbili kwa lita na chembe juu yake. Umenielewa? Ulikuwa umeshashinda kabla sijaweka mstari. Hata hiyo 7.9 iliyokutoa machozi ilikuwa ni ushindi juu ya ushindi.

Nilitaka kuandika hukumu pale pale. Lakini mhandisi, ambaye ndugu yake ana gari kama lako, alisema jambo moja. Gari lile, sokoni na zahanati na kwa jirani, halipati 8.3 hata likisukumwa. Mjini, kusimama na kuondoka, ni kumi na mbili, kumi na tatu. 8.3 inapatikana mahali pamoja tu, barabara kuu, mwendo mrefu usiokatika.

Ndipo nikakumbuka alama ya buluu kwenye barua yako. Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia, Bibi. Ile ni chaki ya fundi.

Sasa tumefungwa sote wawili. Nikiandika kwamba unakwenda sokoni na zahanati tu, basi namba ya haki ni 12.4 na Mheshimiwa anauzwa. Nikitaka kuandika 8.3, mjomba ataniuliza ilitoka barabara gani, na sitamdanganya. Mjomba ameanza kudhani akili yako inayumba. Amemwambia fundi aharakishe.

Ulikuwa unakwenda wapi?

Mumeo,
Injini ya Joto

14 Mei

Mume wangu,

Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nalia. Kisha akaondoka, nikalia kweli. Wiki zote hizo nimekaa katikati ya moshi wa malori nikijiona mjanja.

Haya, nisikilize. Unamkumbuka Sindano, yule binti mwembamba niliyemfundisha kazi akiwa hajui hata kupitisha uzi. Duka lilipofungwa alihamia mji ule mdogo ulio mwisho wa barabara kuu, akapanga chumba, akaweka cherehani mbili. Ana mkono mzuri, lakini hana mdomo, na mapazia yanauzwa kwa mdomo. Basi nikawa mdomo wake. Napima madirisha, nachagua vitambaa, nabishana na wateja. Yeye anakata na kushona. Daktari alisema nisiiname, na siinami. Natembea na futi kamba na chaki.

Mteja wetu mkubwa ni hoteli mpya ya mikutano, ghorofa tatu, madirisha kama milango. Mara ya kwanza nilikwenda kwa gari la kukodi, bovu, linalia kila kona. Mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, pale wanapoingiza gesi na kuku. Nikasimama juani na kiuno changu, mwishowe nikaambiwa meneja hayupo. Nilimwona dirishani anakunywa chai. Ndipo nikanunua Mheshimiwa. Siku niliyorudi nikiwa ndani yake, geti lilifunguka kabla sijapiga honi, na meneja akashuka ngazi mwenyewe.

Najua mlinzi hakukipigia saluti kichwa changu, alilipigia bati. Lakini bati likishafungua geti, anayeingia ni mimi. Ghorofa ya kwanza tumemaliza. Petroli, bima, sevisi, hata lile tairi la bei ya kitanda, Mheshimiwa anajilipia mwenyewe na mjomba wako hajawahi kuchangia tone.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Kwa sababu walipofunga duka langu walifanya kwa upendo, wakanibusu. Mtu akikuonea unamgombeza, lakini akikuonea huruma unafanyaje? Nilijua nikisema nimerudi kazini mjomba wako ataniletea cheti cha daktari. Na kile chumba, mume wangu, ninakiogopa. Siogopi kufa, wala kiuno. Naogopa kuketishwa mahali nikitazama ukuta, niulizwe nimekula, niambiwe nipumzike, na sijachoka.

Kwa ajili ya foleni nimekosa kwenda wiki nyingi. Sindano ananisubiri, ghorofa ya pili haijapimwa, na meneja ameanza kuuliza kama fundi bado yupo. Kwa hiyo kata unavyotaka kukata, ila usinicheleweshe.

Mkeo,
Bibi

25 Mei

Mke wangu,

Hukumu.

Mshtakiwa ameonekana anakula lita 8.3 kwa kilomita mia anapofanya kazi, na 12.4 anapokaa bure. Mahakama imeona kwamba tatizo si gari. Mheshimiwa asiuzwe.

Hukumu ina sharti moja. Siipeleki kwa mjomba mimi. Utampelekea wewe, kwa mdomo ule ule unaouza mapazia, na utamwambia barabara gani. Yeye si mwizi, Bibi. Ni mtu anayeogopa, kama wewe, ila yeye hofu yake anaijengea kuta.

Na ile cherehani ya chuma itoe kwenye buti leo hii.

Mumeo,
Injini ya Joto

9 Juni

Kwa Mpwa,

YAHUSU: GARI LA MAMA (TENA)

Nimepokea uamuzi wako kupitia kwa mama, ambaye aliusoma kwa sauti sebuleni kwangu, akiwa amesimama na mimi nimeketi. Kisha akaeleza habari za Sindano, hoteli na barabara kuu. Sitakuficha kwamba nilikasirika. Nilizungumza juu ya daktari kwa muda mrefu. Mama alisubiri nimalize, akasema, "Umemaliza? Chukua koti lako, twende."

Aliendesha yeye. Sijawahi kuketi upande wa abiria mama akiendesha tangu nilipokuwa na miguu isiyofika sakafuni. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari. Alikaa wima, mkono mmoja kwenye usukani, akinisimulia tofauti ya kitambaa kinachozuia jua na kinachozuia macho ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kumwangalia kiuno chake njia nzima kama kinamuuma. Katikati ya safari nikagundua kwamba nimelala, na kwamba alikuwa amewasha kiti kinikande.

Tulipokuwa tunapima ghorofa ya pili alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi, na alinipigia kelele kwa kushika ncha ya futi kamba vibaya. Nimesimamia watu wengi ofisini. Sijapigiwa kelele hivyo miaka mingi, na ninakiri kwamba nilifurahi.

Wakati wa kurudi skrini ilisoma 8.1. Siku hizi naelewa kwamba ndogo ndiyo nzuri. Mhudumu wa kituo cha mafuta nimemwambia asiniletee tena taarifa. Chumba cha uani nimekitafutia mpangaji, mwanafunzi, anasema ukuta haumsumbui kwa sababu anasoma kwenye simu. Mama amekipima dirisha kwa ajili ya pazia na kumtoza mpangaji bei kamili.

Kuna jambo moja sijamsimulia mtu, nakuandikia wewe. Tulipofika getini mlinzi alipiga saluti, akasema, "Karibu fundi." Kisha akainama upande wangu akamuuliza mama huyu ni nani. Mama akajibu kwamba ni mwanawe, amemsindikiza. Mlinzi akasema fundi apite, lakini mgeni ashuke ajiandikishe.

Nikashuka, Mheshimiwa akapita na mama ndani yake. Nikabaki mimi na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Jina nikajaza. Penye cheo nilianza kuandika cheo changu, kile kirefu unachokijua, kisha nikakikata. Nikaandika: mtoto wa fundi wa mapazia. Mlinzi akasoma, akanifungulia geti.

Ni mimi,
Mjomba wako